Sahani Hairuki Mchu

Jumanne, 25 Machi

Tumefika Kismayu. Ndege ndogo, joto kubwa. Tangu Nairobi Mama hakusema neno, tasbihi tu mkononi. Magurudumu yalipogusa chini akamwambia mwanamke wa kiti cha pembeni, "Mchu hasemi amefika mpaka afike."

Mchu! Miaka yote Mombasa mama yangu anasema "mtu" kama sisi wote. Hata ngazi hatujashuka, ulimi umesharudi kwao.

Tumefikia Majengo, kwa Mama mdogo Mwanamwema, mdogo wake Mama. Alinikumbatia, akanishika kidevu, akanifunua mdomo kama anayenunua mbuzi. "Subhanallah! Wamemfunga mtoto mdomo!" Nikamweleza: ni waya za kunyoosha meno, zinakaa mwaka na nusu hivi, haziumi sana. Adnani mwanawe (ana ndevu, lakini akili bado za madrasa) akauliza kama zinashika intaneti. Nimemwambia zinashika, ila neno la siri simpi.

Mipira ya waya ni ya zambarau. Niliichagua makusudi, ilingane na nguo ya Idi. Daktari Fahmi alicheka, kisha akaacha kucheka akanisomea sheria. Gubiti, ile peremende ngumu, hapana. Kashata, hapana. Njugu, visheti vikavu, barafu ya kutafuna — hapana, hapana, hapana. Kaimati ruhusa. Halua ruhusa, lakini sukutua baadaye. Kila kitu kikatwe kidogokidogo, kitafunwe kwa magego, na meno ya mbele nisiyafanye mkasi. Akanipa kipande cha nta cha kubandika waya ikichoma. "Na ukivunja kitu huko uendako," akasema, "huko hakuna mimi."

Alhamisi, 27 Machi

Nimevunja kitu.

Jana baada ya futari Adnani alitoa gubiti mfukoni. Nikakataa. Akaniwekea mbele. Nikasema nitainyonya tu, sitaitafuna — na wallahi niliinyonya, mpaka mwisho mwisho. Halafu meno yakajifunga yenyewe, kama yanavyofanya. Tak! Kile kichuma kilichogandishwa kwenye jino kimebanduka, kinaning'inia kwenye waya, na ncha ya waya inachoma shavu.

Leo asubuhi Adnani, kwa aibu, alinipeleka kwa mtu wa meno karibu na soko. Mzee mpole. Alinimulika tochi, akatazama muda mrefu, akasema yeye kazi yake ni kung'oa, vyuma kama hivi ameviona kwenye simu tu. "Nikikugusa nitakuharibia." Nilimshukuru. Afadhali mtu anayejua mpaka wake.

Basi ni nta mpaka Mombasa. Naongea nimeinamisha kichwa, mtandio mdomoni. Najiona mbaya. Hilo silisemi kwa mtu.

Mama hakupiga kelele, jambo ambalo ni baya zaidi. Alisema, "Kuanzia leo usile kitu kigumu chochote, popote, kwa yeyote atakayekupa. Sikia?" Nikasema nimesikia. Alipofika mlangoni akageuka. "Hata Chovae."

Chovae! Kumbe tunakwenda. Kisiwani kwao, kwa Mjomba Athmani, kaka yao mkubwa. Mama hajasema naye tangu Bibi alipofariki. Mimi nilikuwa na miaka minne. Nyumbani kwetu hatajwi kwa jina. Akitajwa ni "yule". Mama mdogo amelipanga hili tangu Rajabu: Idi Mosi hapa, Idi Pili Chovae, ndugu washikane mikono, basi. Amemwomba Mama kwa simu, amemwomba kwa Baba, amelia. Mama alikubali ghafla, mwezi uliopita. Sote tulishangaa.

Jumamosi, 29 Machi

Mwezi umeandama. Vigelegele kila nyumba. Mama mdogo anakaanga kaimati, mimi nazungusha kwenye shira. Mama anapiga pasi nguo ambazo zimeshapigwa pasi.

Jumapili, 30 Machi — Idi Mosi

Idi! Nguo ya zambarau, mipira ya zambarau. Hakuna aliyeona mipira, kwa sababu ya mtandio.

Niandike jinsi nilivyokula, maana nimejivunia. Kaimati: nilizikata nne nne kwa kijiko, nikazisukuma kwenye magego ya kulia, upande usio na kasoro. Halua: vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, chai ya moto juu yake, inayeyuka yenyewe. Visheti: nilivichovya kwenye chai mpaka vikakata tamaa. Adnani anasema nakula kama bibi kizee. Nikamwambia bibi kizee ndiye aliyefika mbali. Tende nilitoa kokwa kwanza, nikazichana kwa vidole. Kila baada ya nyumba nilikwenda uani kusukutua na kupiga mswaki ule mdogo unaopita chini ya waya. Nyumba tulizoingia zote sasa zinanijua kwa ndoo ya maji.

Hakuna kilichobanduka. Nilifurahi kuliko mwaka jana nilipokula kila kitu bila kufikiri.

Mama alikula halua kidogo. Kesho Chovae.

Jumatatu, 31 Machi — Idi Pili

Sijui nianzie wapi.

Boti ya faiba, injini moja, nguo zote zimelowa. Mjomba Athmani alikuwa amesimama majini mpaka magotini akitungoja. Mfupi, mikono mipana ya kazi (anaunda mashua), na pua ya Mama. Pua ileile! Nilikaribia kucheka. Akasema, "Twahira." Mama akasema, "Salaam alaikum," kwa wote pamoja, kama mtu anayeingia dukani, akapita na viatu mkononi.

Nyumbani walitandika mikeka mipya. Majirani wawili watatu walichungulia wakaondoka. Mkewe Mjomba, Bi Zakia, akatoka ndani na sahani ameishika kwa mikono miwili. Kashata za simsim. Nyembamba, zinang'aa, zimekatwa pembe nne. Ngumu — ukigonga juu ya meza zitalia. Kila mtu akanyamaza. Niliona, lakini sikuelewa. Nilidhani ni dua.

Bi Zakia akapiga magoti mbele yangu. Mbele yangu mimi, si ya Mama! "Bismillahi, mwanangu. Fungua."

Nikavuta mtandio mdomoni. Shavu lilikuwa linauma kwa chumvi ya bahari, nta imetoka, na sikutaka kufunua mdomo mbele ya watu nisiowajua. Nikasema, "Siwezi."

Neno hilo tu. Sikusema kwa nini.

Mjomba akauliza taratibu, "Huwezi au hutaki?"

Nikamtazama Mama anisaidie. Ilikuwa sentensi moja tu — ana waya za meno. Mama akasema, "Amesema hawezi."

Bi Zakia alikaa pale amepiga magoti muda mrefu. Adnani, aliyekuwa karibu yangu, alishanyoosha mkono; akaurudisha. Kisha Bi Zakia akainuka, akaifunika sahani kwa kawa, akaingia nayo ndani. Mjomba akasema, "Haye. Yamekwisha." Ukaletwa wali na samaki, tukala. Walitukarimu sana. Hakuna aliyezungumza na mwenzake ila kupitia Adnani.

Kwenye boti Mama mdogo alilia wazi, hakujificha. Nilipomuuliza ndipo akanieleza, kwa sauti ya kushindana na injini.

Kwao, wachu wakiwa wamekosana, sahani ya Idi ya pili haianzi kwa mkubwa. Inaanza kwa mdogo wa wageni, kwa sababu mdogo hana kisa na mchu. Yeye akila, inapanda: anayemfuata, na anayemfuata, mpaka wale wawili wenye neno lao. Aliyekosewa anakula, mwenzake anamalizia. Hapo hakuna tena anayeuliza kitu. Lakini sahani hairuki mchu. Mmoja akikataa, imerudi ndani, na nyumba ile imeshajibu.

"Ule wali?" nikauliza. "Wali tumekula."

"Wali ni wa njaa, Nuha!"

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mi nilijua mamako atakwambia. Sahani hiyo ameila tangu hajaota meno."

Sote wawili tukamgeukia Mama. Alikuwa anatazama maji. "Nilisahau," akasema.

Mama. Ambaye anakumbuka nani hakuja kwenye harusi yake na alitoa sababu gani.

Jumanne, 1 Aprili

Sikulala vizuri. Asubuhi nilichukua namba ya Mjomba kwa Adnani. Nikasimama mbele ya kioo cha uani, nikafungua mdomo mpaka mwisho, nikapiga picha. Mbaya kupindukia! Kichuma kinaning'inia, nta, kila kitu. Nikamtumia hivyo hivyo. Na sauti: shikamoo Mjomba, mimi Nuha, sikukataa, daktari amenikataza vitu vigumu, kimoja kimeshavunjika, naomba radhi, kashata ilikuwa nzuri kwa macho.

Nikangoja. Kisiwani mtandao unakuja unapotaka.

Alasiri ikaja sauti yake. Nimeisikiliza mara nyingi.

"Nuha mwanangu, nimeiona picha. Lahaula! Mchu mzima wamempigilia misumari mdomoni! Kwani meno yalikuwa yakienda wapi?" Nyuma yake kuku wanalia, na Bi Zakia anasema nipe nione, nipe nione. Halafu Mjomba tena: "Mimi nilidhani ni neno la mamako, umelisema wewe. Haye. Kama ni meno, meno yana dawa. Zakia ana kinu. Kichu kigumu kikitwangwa si kigumu tena. Mwambie mamako tutakuya."

Nilikimbia ndani. Mama mdogo alipiga kigelegele. Adnani akacheza. Mama alikuwa anakunja nguo.

"Nani alikutuma?" akasema.

"Hakuna."

"Basi."

Akamaliza kukunja ile kanga. Akasema kesho anaanza kufunga sita za Shawali, kwa hiyo wakija mchana wamsamehe, hatakula. Mama mdogo akasema hakuna neno, watakuja Alhamisi, baada ya Magharibi. Alisema haraka mno, kama mtu anayewahi mlango kabla haujafungwa.

Ijumaa tunarudi Mombasa.

Jumatano, 2 Aprili

Leo naandika polepole.

Nta ilitoka tena. Kioo cha uani kimepasuka kati, hakionyeshi upande wa kushoto. Mama akaniita. "Kaa hapa. Fungua." Akachukua nta, akaikanda kwa vidole mpaka ikalainika, akaanza kuibandika juu ya ncha ya waya. Ana mikono mepesi. Nilikuwa nimefungua mdomo, siwezi kusema chochote. Nadhani ndiyo sababu alisema yeye.

"Nilikuwa naosha vyombo," akasema. "Uani, Kisauni. Wewe umelala. Akapita mchu wa samaki, yule wa Kiunga. Akanipa pole. Nikamuuliza, pole ya nini? Akanyamaza. Nikachagua changu wawili. Akakataa kupokea chochote. Akasema chukua tu, dada. Akanipa bure. Ndipo nikajua ni mama."

Alisukuma nta kwa kidole gumba.

"Khitma ilishasomwa. Arobaini ilishapita. Chovae wote walikuwa wameshalia, wamemaliza, wamerudi kazini. Mimi ndiyo kwanza naanza. Peke yangu, na vyombo."

Nikajaribu kusema. Akanishika kidevu. "Tulia. Kaka yangu anasema mji ulikuwa mkononi mwa wale wenye bunduki, njia zimefungwa, simu hazikuwapo, angemtuma nani? Kweli. Njia zilifungwa. Lakini samaki walikuwa wakipita."

Akanitazama mdomoni, siyo machoni. Akaniuliza kama bado inachoma. Nikatikisa kichwa. Akafuta vidole kwenye kanga, akaenda kutia udhu.

Mama mdogo naye alichelewa kupata habari, alikuwa kambini Dadaab. Nimemuuliza jioni. Alisema, "Mi nililia, nikachoka, nikasamehe. Kila mchu na pumzi yake."

Nimekaa na simu mkononi. Ile picha niliyotuma bado ipo, mdomo wazi mpaka kooni. Nilijiona mjanja sana jana. Nilidhani ni suala la meno. Sasa sijui kama nimemtendea Mama wema au nimemvua nguo hadharani. Namwonea huruma. Na Mjomba pia namwonea huruma, ile sauti yake na kuku. Siwezi kuwagawa.

Nilitaka kumwandikia Mjomba asije. Nikaandika, nikafuta.

Alhamisi, 3 Aprili

Mama amefunga tena leo. Amefagia uwanja mara mbili. Ameoga mapema, amevaa dera la Idi, lile la kijani. Mama mdogo ameona, hakusema. Mimi nimeona, sikusema.

Wamekuja adhana ya Magharibi ikimalizika. Mjomba amevaa kanzu na kofia mpya, anatembea kama anaogopa kuikunja. Mama alikuwa kwenye msala. Alifungua kwa tende na maji, akaswali, akatoka. Alimpa Mjomba mkono. Mkono! Mjomba akaushika kwa miwili, kisha akauachia upesi, kama amechukua kilicho si chake. Wakakaa. Habari ya safari. Habari ya watoto. Bahari imechafuka kidogo. Alhamdulillahi.

Mjomba akataka kuziona waya. Nilifungua mdomo, sikuona haya hata kidogo. Akainama, akatazama huku na huku. "Na zinavuta kweli?" Nikamwambia zinavuta, taratibu, kila mwezi daktari anakaza. Akauliza, wakati wa kukaza, linalouma ni lile jino linalovutwa au jirani yake? Sijawahi kufikiri. Nikasema yote. Akaitikia kwa kichwa, akakaa chini.

Halafu Bi Zakia akafunua sahani.

Ni kashata ileile. Ameitwanga kwenye kinu, akachanganya na asali na samli mpaka ikawa kama uji mzito. Harufu ya simsim ilijaa ukumbi wote. Amesema ni kipimo cha Bibi, hakubadilisha ila ugumu. Akapiga magoti mbele yangu. Safari hii nilijua kila kitu.

"Bismillahi, mwanangu. Fungua."

Nikachota kwa kijiko kidogo. Nikakisukuma kwenye magego ya kulia — mazoea tu, hapakuwa na cha kutafuna. Tamu! Tamu ya kutia machozi, na nusu ya machozi yalikuwa ya woga. Nikameza. Mjomba akatoa pumzi.

Adnani akachota mara mbili, Bi Zakia akampiga mkono. Wakacheka. Mama mdogo akachota huku analia, akala huku analia, akajipaka asali kwenye shavu.

Nikaomba ruhusa nikasukutue. Ni sheria ya daktari, asali haikai kwenye vyuma. Lakini kweli nilikuwa nimeshindwa kukaa pale.

Nimesukutua. Nimepiga mswaki mdogo, kisha mkubwa. Nimekuja chumbani, nimekaa chini nyuma ya pazia. Nina hili daftari magotini kwa sababu mikono inataka kazi. Pazia ni jepesi. Nawaona wote.

Sahani iko mbele ya Mama.

Bi Zakia amepiga magoti, ameishika kwa mikono miwili. Mama mdogo ameacha kulia. Adnani anatazama dari. Mjomba anatazama mkeka. Yeye ni wa mwisho, hawezi kula kabla yake.

Amesema, bila kuinua kichwa, "Ni ya mama hii, Twahira."

Mama amesema, "Najua."

Jirani anafunga duka lake, bati linalia.

Mikono ya Mama iko mapajani. Amefuturu, tende nimeiona kwa macho yangu. Kashata ni laini, hata mtoto asiye na jino ataila. Waya ni zangu mimi. Yeye hana.

Mkono wa kulia umepanda — ameshika mtandio, ameuweka sawa kichwani. Umerudi mapajani.

Bi Zakia hajaondoa sahani.